Shingo ya Mama na Koo la Mbuzi

Juzi, katika duka la dawa la mtaani kwetu, muuzaji aliangusha chupa ndogo ya iodini. Haikuwa hasara kubwa. Aliguna, akachukua tambara, akaanza kufuta. Lakini ile harufu kali ya rangi ya kahawia, harufu yenye chuma ndani yake, ilinishika puani nikasimama na dawa yangu ya kikohozi mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Watu waliokuwa nyuma yangu walinisukuma kidogo, nami sikusogea. Nilikuwa nimekwisha kufika Nambilanje, kwenye uwanja wa nyumba yetu, naitazama shingo ya mama yangu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia bara ya kusini mtakumbuka kwamba rovu, ule uvimbe wa shingo, halikuwa jambo la kushangaza kwetu. Wanawake wengi walikuwa nalo. Sisi watoto tulilihesabu pamoja na ndonya midomoni mwa bibi zetu na chale kwenye mashavu yao, yaani ni kitu ambacho mtu hukipata akishakuwa mkubwa. Nilikuwa nikijipapasa shingo kila nikioga mtoni, nikisikitika kwamba langu linachelewa.

La Mama lilikuwa zuri kuliko yote. Lilikuwa la mviringo, laini, kama kibuyu kichanga kabla hakijakomaa, na shanga zake nyekundu zililala juu yake zikiinama mbele. Alipoimba lilipanda na kushuka. Na Mama ndiye aliyekuwa mwimbaji. Kijijini kwetu, mtama ulipokuwa mwingi, wanawake wa nyumba za jirani walibeba vinu vyao wakaja kutwangia kwetu, kwa sababu tu Mama alikuwa akitwanga. Alianza wimbo peke yake, chini kabisa, halafu akaupandisha mpaka pale ambapo mwingine yeyote angekohoa, akauacha huko juu unaning'inia, na wenzake wakaudaka kwa pamoja huku michi ikishuka. Nimesikia waimbaji wengi tangu wakati huo, wengine kwenye redio, wengine kwenye majukwaa yenye taa. Bado sijamsikia aliyeweza kuuacha wimbo angani vile akawa na hakika kwamba utadakwa.

Kwa hiyo niliyaunganisha mambo mawili niliyokuwa nikiyaona kila siku. Mama ana sauti kuliko wote, na Mama ana shingo kuliko wote. Nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba rovu ni mfuko wa nyimbo.

Kisha mfuko ukaanza kumsumbua. Alikuwa akimimina maji yakamwagika nje ya kata, maana mikono ilimtetemeka. Asubuhi za baridi, sisi tukiwa tumejikunyata kuzunguka moto, yeye alikaa mlangoni akijipepea kwa ungo. Alikula kuliko wanaume waliotoka kulima, na mwili ukazidi kukonda mpaka bangili zikampanda hadi kwenye kiwiko. Macho yakamtoka, kama mtu aliyeshtuliwa na kitu halafu akasahau kuacha kushtuka. Niliposinzia nikiwa nimeegemea kifua chake nilisikia moyo wake ukikimbia, nikadhani anaota anafukuzwa, kumbe yuko macho ananitazama.

Majirani walimtania Mama kwanza. "Somoe, unamlisha nani humo tumboni?" Baadaye waliacha kutania, na Bibi, mama yake Mama, akaanza kunong'ona habari za jini. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Mfuko umejaa. Nyimbo zinatafuta pa kutokea, zinasukuma macho, zinatikisa vidole.

"Mama," nilimwambia, "imba sana zitoke."

"Zitoke nini?"

Niliogopa kumwambia mtu siri ya mwili wake mwenyewe.

Baba alikuwa Nachingwea wakati huo, akifanya kazi ya kung'oa visiki nyuma ya matrekta ya Wazungu wa mradi wa karanga. Aliporudi kututazama na kumwona Mama alivyokuwa, hakukaa. Alitupeleka Ruangwa kwa miguu, Mama akipumzika chini ya kila mti wenye kivuli, mpaka kwenye dispensari, kwa dresa, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Lukas. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mtu mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe.

Dresa Lukas alimwambia Mama anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza. Mama alicheka. "Hata yenyewe inajua ngoma," alisema.

"Unasikia joto, Mama Salima?"

"Kama nimemeza kaa la moto."

"Hujameza kitu. Hapa shingoni kila mtu ana tezi. Mimi ninayo, Bwana Mganga, daktari wetu wa Nachingwea, anayo, hata huyu mtoto anayo." Nilijishika shingo haraka. "Kazi yake ni kuuambia mwili uende mbio au uende polepole. Yako imebaki na neno moja tu, mbio."

Wanawake niliowajua, wakiambiwa jambo na mtu wa serikali, walisema "ewaa" wakaondoka. Mama alivuta kigoda akasogea karibu zaidi.

"Nani aliyelifuta hilo neno jingine?"

"Hatujui yote, mama."

"Basi niambie mnayoyajua. Mama yangu ana rovu kubwa kuliko hili. Mbona yeye hatetemeki? Mbona yeye anasikia baridi kama watu?"

Dresa Lukas alichuchumaa, akafuta mchanga kwa kiganja, akachora kwa kijiti koo la mtu, na kwenye koo kitu kama kipepeo kilichotua na kukunjua mbawa. Alimweleza kwamba kuna rovu lililotulia na rovu lililochachamaa. Lile lililotulia huja kwa watu wa bara, walao mtama na muhogo na chumvi ya kuchuja majivu, kwa kuwa kuna kitu kilichomo katika vyakula vya pwani, kiitwacho iodini, ambacho tezi hukitaka, na isipokipata huvimba ikikitafuta. Hili la pili halitafuti kitu. Linafanya kazi kupita kiasi, na lisipozuiwa huuchosha moyo mpaka moyo unasimama.

"Unasimama," Mama alirudia.

"Ndiyo. Sitakudanganya. Na dawa yake ni Bwana Mganga kuikata hiyo tezi, aitoe sehemu kubwa. Lakini hatakata moyo ukiwa unakimbia hivi. Lazima upumzike. Usitwange, usilime, usibebe maji."

Alimfundisha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kusikiliza damu inavyopita, akimwonyesha mshale wa saa yake unavyozunguka. Mama aliitazama ile saa kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hawezi kumkaribisha nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na saa. Ila baada ya siku chache Mama alinikabidhi mchi wake mdogo, akaniweka kwenye kinu pamoja na Bibi, kila mmoja upande wake, tukipokezana. Yeye akakaa kando kwenye mkeka, vidole kwenye kifundo cha mkono, macho ameyafumba.

"Twanga sawasawa, mwanangu. Usikimbie, usilegee. Wewe leo ndiye saa yangu."

Nilikuwa mtoto mwenye kiburi, na hakuna cheo nilichopewa maishani kilichonijaza kama kile. Nilitwanga kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Mama alisikiliza. Watu wazima wenye afya, alikuwa amekwisha kujua kwa kumshika Bibi na jirani zetu wote mmoja mmoja, moyo wao ulikwenda na mchi, pigo kwa pigo, pengine pigo na nusu. Wake ulipiga mara tatu kabla mchi haujarudi. Siku alizolala mchana ulipungua. Siku aliyogombana na mtu, au alipokunywa chai ya Baba ya mkandaa, nyeusi na kali, ulizidi. Hivyo ndivyo alivyoanza kuujua ugonjwa wake, kama mkulima anavyolijua shamba jipya, kwa kulizunguka kila siku. Hakuuita adui wala jini. Alikuwa akisema, "Leo umeamkaje?" akijishika shingo, na ilikuwa kama anamsalimu mtu mkorofi aliyehamia nyumba ya pili.

Lakini kukatwa hakukuwa neno lake. Wala halikuwa neno la Baba. Dresa Lukas, ambaye kwao pia mtu ni wa ukoo wa mama yake, alikuwa amemuuliza Baba kwa desturi tu, na Baba akajibu, "Mke ni wangu, bwana. Mtu ni wao." Mwenye neno alikuwa kaka yake Mama, Mjomba Bakari.

Na Mjomba Bakari ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji. Kwenye kila hitima, kila Idi, kila harusi, kisu chake kiliitwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyemruhusu mtoto kumwonyesha mnyama kisu, na aliyemgeuza mbuzi kuelekea kibla kwa adabu kama anayemlaza mgonjwa. Alipoelezwa habari ya Nachingwea, alinawa mikono ingawa ilikuwa safi.

"Somoe," alisema, "mimi nimechinja tangu sijaota ndevu. Sijaona kiumbe kilichopitishwa kisu shingoni kikainuka. Hata kuku."

"Kaka, si kuchinja. Ni kutoa tezi."

"Kisu ni kisu, na shingo ni shingo. Unajua watu wanavyosema juu ya Wazungu wa karanga."

Kila mtu alijua. Wakati huo hatukuweza kwenda kuni baada ya alasiri bila kutishwa kwamba kuna watu wa chinjachinja wanaokusanya damu ya Waafrika wakaitie katika matrekta. Sasa mtu wa kwetu alikuwa anajipeleka mwenyewe, na shingo mbele.

"Nikipumzika hivi mwaka mzima, moyo utasimama," Mama alisema.

"Utasimama kwa amri ya Mungu. Si kwa ruhusa yangu." Alisema hivyo akinawa mikono tena, nikajua kwamba anampenda, na nikajua pia kwamba hatakubali.

Mama hakubishana naye. Hiyo ndiyo tabia yake ninayoistaajabia mpaka leo. Alirudi kwenye mkeka wake, akanifanya saa, akasubiri.

Idi ilipofika Mjomba alichinja beberu kwenye uwanja wetu. Wanawake walipokuwa wakigawana nyama, Mama alisema kwa sauti, mbele ya wote, "Mimi nipeni koo."

Kicheko kilizuka. "Jamani, Somoe! Ini lipo, paja lipo, yeye anataka koo!"

"Anataka sauti ya beberu," alisema jirani mmoja. "Yake haimtoshi."

Mama alicheka nao, akalipokea koo kwenye ungo, akaliosha, akakaa chini. Kisha akamwita kaka yake. Mjomba alikuja akiwa bado ameshika kisu, na mimi nikajipenyeza katikati yao.

"Kaka, wewe ukichinja unakata nini?"

"Unajua."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha, kwanza kwa subira, kisha kwa ile furaha ya mtu anayeulizwa juu ya kazi yake. Hapa, chini ya kikoromeo. Koo la hewa hili, umio huu nyuma yake, na mishipa miwili mikubwa, huu wa huku na huu wa kule. Vikikatwa hivyo mnyama anakwenda upesi, bila mateso.

"Na hiki?" Mama aliuliza.

Chini kidogo ya pale kisu kilipopita, kila upande wa koo la hewa, palikuwa na kitu chekundu kilichokolea, kidogo, kama punje ya haragwe kubwa, kimelala kimya. Mjomba aliinama. Alikuwa amevishika vitu vile maisha yake yote bila kuwa na haja ya kuvipa jina.

"Nyama tu," alisema.

"Ndiyo tezi, kaka. Wewe unayo, Salima anayo. Yangu ni hii, imekua. Dresa alinichorea." Akachukua kisu kidogo cha jikoni. "Mimi nataka kuitoa hii. Nisiguse koo la hewa, nisiguse mshipa. Tuone kama haiwezekani."

Lakini mikono yake ilitetemeka. Ncha ya kisu iliruka huku na huku juu ya ile nyama, ikamkaribia kidole. Mjomba alivumilia kidogo, akashindwa.

"Nipe! Utajikata."

Akakaa chini. Sijapata kuona mikono iliyotulia kama ile. Aliinua ile punje kwa ukucha, akapitisha ncha chini yake, akakata vinyuzi vilivyoishika kimoja baada ya kingine, taratibu, akiuma ulimi kwa pembeni kama mtoto anayeandika. Wanawake walikuwa wameacha kugawana nyama. Punje ikatoka ikalala kwenye kiganja chake. Akageuka upande wa pili, akaitoa na ya pili.

Alilitazama lile koo. Mishipa ilikuwa mizima. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeamini macho pekee, aliliinua koo la hewa, akaweka mdomo upande mmoja, akaziba tundu la upande wa pili kwa kidole gumba, akapuliza. Mashavu yake yakafura. Halikuvuja popote.

Mimi nilikuwa nimeichungulia ile tezi kwa makini nikitafuta nyimbo. Zilikuwa hazimo. Lakini hilo halikunishinda. Mbuzi haimbi, nikawaza, ndiyo maana yake ni ndogo.

Mjomba alifuta midomo. "Huyo Bwana Mganga," alisema baadaye sana, "mikono yake ikoje?"

"Sijamwona."

"Nitamwona mimi kwanza. Nikiona inatetemeka, tunarudi." Akamtazama dada yake, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ikiwa imetulia, tutamwachia Mungu na yeye."

Tulipanda lori la mfanyabiashara kutoka Ruangwa. Kuhusu Nachingwea ya wakati ule nakumbuka uwazi wake. Mimi nilikuwa mtoto wa miti, na ghafla hapakuwa na miti, ila ardhi nyekundu iliyokwenda mpaka kwenye ukingo wa mbingu, na matrekta yaliyosimama juu yake kama wanyama waliosahauliwa malishoni. Niliyachungulia nikitafuta damu. Nikaona kutu.

Hospitali ilikuwa na paa la bati na baraza ndefu. Bwana Mganga alikuwa mzee mwembamba aliyesema Kiswahili cha kitabuni, kila neno likifika peke yake. Mjomba alimsalimu kwa mikono miwili, akakishika kiganja chake kirefu muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, akakipindua, akakiangalia. Daktari alingoja bila kuuliza. Kisha Mjomba akatikisa kichwa kwa Mama, yaani ndiyo.

Pale ndipo nilipoijua ile harufu. Kila siku Mama aliletewa maziwa yaliyotiwa matone ya iodini, akayanywa akiwa amekunja uso, na polepole, wiki hadi wiki, karatasi ikaacha kucheza juu ya vidole vyake. Alimuuliza muuguzi imekuwaje dawa ya tezi yenye njaa impoze yeye ambaye tezi yake imeshiba, na muuguzi akaenda kumuuliza daktari, naye akaja mwenyewe kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimweleza kwamba tezi ikijazwa ghafla huduwaa kwa muda, na ndani ya muda huo ndimo atakamokata. Kisha akamwambia jambo jingine.

Nyuma ya tezi, alisema, hupita nyuzi za sauti, nyembamba kama nywele. Ataziangalia sana. Lakini ziko karibu mno, na pengine sauti itaumia.

Kwa mara ya kwanza tangu augue, Mama hakuwa na swali. Mimi nilipiga kelele. "Mama, usikubali! Watazitoa nyimbo! Ziko humo!"

Hapo ndipo siri yangu ilipotoka yote, kwa kilio na kamasi, mfuko na kujaa kwake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya rovu, akaimba kidogo kwa kuguna, kisha akauhamishia juu zaidi, kwenye koo lenyewe.

"Wapi pananguruma?"

Palinguruma juu. Kwenye rovu mlikuwa na mtikisiko tu, kama ukuta wa nyumba wakati ngoma inapigwa nyumba ya jirani.

"Umeona. Humu hamna wimbo hata mmoja. Nyimbo zinapita jirani." Akamgeukia daktari. "Utazijuaje hizo nyuzi, bwana?"

"Kwa kukusikia. Nitachoma sindano ya ganzi. Wewe utakuwa macho. Utasema, mimi nitasikia."

"Niseme nini na mtu anayenikata shingo?"

"Neno lolote, mama."

Alifikiri. "Sauti yangu naipenda," alisema, na alikuwa anasema nasi sote. "Lakini nikifa nayo, nani ataisikia? Kata. Mimi nitaimba."

Siku ile mimi na Mjomba tulikaa kwenye baraza, chini ya dirisha lenye pazia la kijani. Nilikuwa nimemshika kidole. Kwanza tulisikia vyombo vya chuma, kisha sauti ya daktari, kisha Mama akaanza, chini kabisa, ule wimbo wa kutwanga ambao kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

*Shuka, mtama, shuka upesi,*
*mwenye njaa amekwisha kuonekana njiani.*

Aliuimba tena na tena, polepole. Mjomba alikuwa akisema "Ya Latifu, Ya Latifu" kwa midomo tu. Wauguzi waliokuwa wakipita walisimama. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa mazoea, labda kwa ushujaa, Mama akaanza kuupandisha. Ulipanda vizuri. Ulifika karibu na pale alipozoea kuuacha ukining'inia, na hapo ukakatika, kama kamba.

Kidole cha Mjomba kilikuwa baridi. Nilisikia daktari akisema kitu kwa haraka, na chombo kikianguka kwenye beseni. Sijui ilikuwa muda gani. Kwa mtoto ule ulikuwa utoto mzima. Halafu wimbo ukarudi, kutoka chini kabisa, wenye mikwaruzo, ukitembea kwa miguu yake, na haukujaribu tena kupanda. Mjomba Bakari, mchinjaji wa Nambilanje, aliinama akaweka uso kwenye magoti akalia.

Mama alikatazwa kusema siku za mwanzo. Alilala na shingo imefungwa bendeji nyeupe, akitutazama kwa macho yaliyokwisha kuanza kurudi ndani. Siku aliyoruhusiwa, aliniita. "Salima. Njoo." Nilirudi nyuma ya kanzu ya Mjomba. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine, nzito, yenye vumbi. Niliamini kwamba wamembadilisha, wameweka mtu mwingine ndani ya ngozi ya Mama. Mjomba alinibeba akanilaza kifuani kwa Mama kwa nguvu, nami nikajitayarisha kupiga mayowe, mpaka nilipousikia moyo. Ulikuwa ukitembea. Ulikuwa ukitembea kama watu wanaotoka shambani bila haraka. Na ngozi ilikuwa na harufu yake.

Ile sauti ya juu haikurudi. Nisiwadanganye wasomaji wangu kwa kuwa hii ni habari ya kusifu. Alasiri moja, akidhani nimelala, alikaa nyuma ya wodi akaijaribu. Alifika mahali akavunjika, akajaribu tena, akavunjika palepale. Akajifunika kanga usoni, na mabega yake yakatikisika. Nililala kimya. Hata mtoto hujua kuna vilio visivyotaka shahidi.

Siku mbili tatu kabla hatujaondoka, wakamleta mwanamke kutoka Malolo. Alikuwa na rovu, mikono ikimtetemeka, macho yamemtoka, na kaka zake wawili walikuwa wamemshika huku na huku kwa sababu alikuwa ameona mikasi kwenye sahani. "Wananichinja!" alipiga kelele. "Jamani, nirudisheni, wananichinja!" Wauguzi walisema naye, hakusikia. Daktari alikuja akasema maneno yake moja moja, na kelele zikazidi.

Mama alishuka kitandani. Alikwenda polepole akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha yule mwanamke, akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba yule mwanamke hakuweza kuisikia bila kunyamaza. Akanyamaza. Wodi nzima ikanyamaza, na wale kaka wawili wakainama mbele ili wasikie.

Mama alifungua kanga akamwonyesha kovu, bado bichi, mstari mmoja kama uzi wa shanga. Akachukua kidole cha yule mwanamke kilichotetemeka, akakiweka juu ya shingo ya huyo mwanamke mwenyewe, pale kwenye uvimbe.

"Hapo," alisema. "Acha kidole hapo hapo. Sasa meza mate."

Yule mwanamke alimeza.

"Umeisikia imepanda na kushuka?"

"Nimeisikia."

"Basi hiyo ndiyo tezi," Mama alisema. "Si jini. Inaitika ukimeza. Haya, niulize."